Yoga iwekwe siku ya mazoezi magumu

Mwaka wangu wa kwanza wa kuchanganya mbio na yoga niliumaliza nikiwa nakaa upande. Chini kabisa ya tako la kulia, pale mfupa unapokutana na kiti, palikuwa na maumivu mazito kama ya jipu lisiloonekana. Nikikaa dakika 10 tu, naanza kuhamishia uzito kushoto. Nikikimbia taratibu palitulia, lakini nikiongeza kasi palichoma.

Mpango wangu wa wakati ule ulimpendeza kila niliyemwonyesha. Siku 4 za mbio na klabu, na zile 3 zilizobaki yoga, tena yoga ya kutoa jasho, saa nzima, kwa sababu niliamini siku isiyo na zoezi ni siku iliyopotea. Kila mara nilimalizia kwa ule mkao wa kukaa chini, miguu imenyooshwa mbele, unainama kushika vidole. Nilitaka viganja vipite nyayo. Maumivu yalipoanza nikajiambia misuli ya nyuma ya paja imekaza, basi nikaivuta zaidi, asubuhi na jioni.

Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye aliyenifungua macho. Misuli ya nyuma ya paja inaanzia kwenye mfupa wa kukalia, na imeshikizwa pale kwa kano. Ukiinama sana mbele, kano ile inabanwa kwenye mfupa. Sasa chukua kano iliyochoshwa na mbio za kasi, kisha uibane kila siku bila kuipa nafasi ya kujijenga. Dawa niliyojipa ndiyo iliyokuwa inaniumiza. Alinikataza kuinama mbele kabisa, akanipa mazoezi ya kuiimarisha kano polepole, na ilipita miezi 3 kabla sijarudi kukimbia kwa kasi na wenzangu.

Nayaeleza haya kwa sababu kila msimu anakuja mkimbiaji mpya klabuni na kuniuliza yoga ipi inamfaa. Mimi kwanza humuuliza ataiweka siku gani.

Wiki yangu ya sasa iko hivi. Jumanne jioni ni vipindi vya kasi na klabu, kwa mfano mita 800 mara 6, na kati ya kimoja na kingine dakika 2 za kukimbia pole sana. Jumatano ni dakika 40 hivi za taratibu. Alhamisi asubuhi nakimbia dakika 20 kwa kasi ya kati, ile ambayo unaweza kutamka maneno mawili matatu lakini huwezi kusimulia hadithi, na jioni yake ndipo nafanya yoga ya nguvu. Ijumaa napumzika. Jumamosi taratibu tena, na mwishoni naongeza michomoko 5, yaani mbio fupi za kasi, za sekunde 20 kila moja. Jumapili mbio ndefu, kilomita 18. Jumatatu sikimbii, nafanya yoga ya kulegeza mwili.

Jumla ni kama kilomita 50. Ukihesabu zile za kuumiza pumzi hazifiki 10. Zilizobaki zote ni za mazungumzo, na hapa ndipo wengi wa klabu tunapokosea: tunakimbia siku za taratibu kwa kasi inayokaribia ya siku ngumu, halafu Jumanne miguu haina kitu cha kutoa. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand alijenga wakimbiaji wake juu ya kilomita nyingi za kustahimilika, hata Peter Snell aliyekuwa wa mita 800. Mwaka 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, Snell na Murray Halberg walichukua dhahabu siku moja, mmoja mita 800 na mwingine mita 5,000.

Sasa rudi kwenye ile Alhamisi, maana ndiyo kiini cha ninachotaka kusema. Mtu wa kawaida ataitupa yoga ya nguvu Jumatano au Ijumaa, kwa sababu ndipo penye nafasi. Nami nilifanya hivyo. Lakini mwili hauna daftari mbili, moja ya mbio na nyingine ya yoga. Kusimama kwenye mkao wa shujaa huku goti la mbele limekunjwa, dakika baada ya dakika, ni kazi kwa mapaja yaleyale. Ukiiweka siku ya mapumziko, umeifuta siku ya mapumziko. Ukiiweka siku ambayo tayari ni ngumu, saa kadhaa baada ya mbio, siku ngumu inakuwa ngumu kweli na siku nyepesi inabaki nyepesi. Tangu nihamishe kipindi kimoja tu kutoka Ijumaa kwenda Alhamisi, Jumapili zangu zimebadilika. Kilomita ya 14 nilikuwa naianza nikiwa mzito. Sasa naifikia bado nina mguu.

Yoga yenyewe ya Alhamisi ni dakika 30. Mikao ya kusimama, daraja la kulala chali na kunyanyua nyonga, ubao wa mikono, yaani mwili umenyooka ukiegemea mikono, na mti. Huu wa mti nautendea haki kuliko yote. Unasimama kwa mguu mmoja, unyayo wa pili umeuweka ndani ya paja au kwenye kigimbi, kamwe si juu ya goti. Mara ya kwanza niliinamisha macho kutazama mguu wangu wa kushoto, nikaona vidole vimekwaruza mkeka kama kucha za kuku, na kifundo kinaanguka kwa ndani, kinarudi, kinaanguka. Wa kulia ulitulia. Nikakumbuka kwamba ni goti la kushoto lililokuwa likinisumbua kila msimu. Kukimbia ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, zaidi ya mara 150 kwa dakika, na kila unapotua mguu unapokea mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Kama huwezi kutulia kwa sekunde 30 sebuleni, jiulize goti linapitia nini barabarani. Nilifanya mti kwa mguu wa kushoto mara mbili zaidi ya kulia kwa msimu mzima. Vidole vikaacha kung'ang'ania, na goti likaacha kulalamika.

Jambo moja ambalo wakimbiaji hawapendi kulisikia: hatuhitaji kujikunja kama watu wa sarakasi. Kano ya kisigino inafanya kazi kama springi. Ukitua inahifadhi nguvu, ukisukuma inairudisha. Springi iliyolegea haikurushi popote. Unachohitaji ni nafasi ya kutosha kwenye nyonga na vifundo ili hatua yako isibanwe, na nguvu ya kuitawala nafasi hiyo. Ndugu yangu ambaye kwa maumbile una mwili mlegevu, unayegusa sakafu bila jasho, wewe ndiye wa kukaa mbali zaidi na mikao ya kuvuta. Shika ya kusimama na ya daraja.

Kabla ya vipindi vya Jumanne sijinyooshi kwa kushikilia. Misuli ikivutwa mfululizo kwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa nguvu kwa muda, na hicho si kitu unachotaka dakika 5 kabla ya mita 800. Nakimbia pole dakika 10 hadi 15, nazungusha nyonga, narusha mguu mbele na nyuma, nafanya mkao wa mbwa, mikono na miguu chini na nyonga juu, huku nikikanyaga kisigino kimoja baada ya kingine bila kusimama. Mwili upate joto kwa kutembea, si kwa kusubiri.

Kushikilia ni kwa Jumatatu. Siku hiyo nazima simu, nakaa kwenye mkeka dakika 40 na mikao isiyozidi 6. Goti moja chini, mguu mwingine mbele, nyonga inashuka pole: ule mkao unafungua mbele ya nyonga, sehemu inayofupika kwa kukaa kitini kutwa. Kisha nalala chali, naweka mkanda kwenye unyayo na kunyanyua mguu mmoja. Mkanda na tofali la yoga, lile la kuegemea mkono usipofika sakafuni, ni vifaa ambavyo mwalimu B.K.S. Iyengar wa India (1918–2014) alivieneza sana, na namshukuru, kwa sababu kwa mkanda mgongo unabaki sakafuni na mimi ndiye ninayeamua mguu uishie wapi. Kipimo changu ni pumzi. Nikijikuta nimeibana, nimezidisha, nalegeza kidogo. Tena kama una maumivu yale ya kwenye mfupa wa kukalia, hata huu uache kwanza.

Pumzi hiyo nimeibeba hadi uwanjani. Moyo hupungua mwendo kidogo unapotoa hewa. Katika zile dakika 2 kati ya vipindi, wenzangu wengi hushika magoti na kuhema. Mimi natoa hewa kwa muda mrefu kuliko ninavyoivuta, mabega yameshuka, kama vile nimelala chali mwisho wa yoga. Kipindi cha 5 na cha 6 ndivyo vilivyofaidika. Zamani nilivikimbia kwa hasira. Siku hizi muda wake haupishani sana na wa kwanza.

Yoga ya chumba chenye joto kali, usiiweke Jumamosi. Utaianza mbio ndefu ukiwa umeshapoteza maji mengi. Na darasani mwalimu akija kukusukuma mgongo ili ushuke zaidi, una haki ya kumwambia hapana, kwa heshima na bila maelezo mengi. Nilichelewa kujifunza hilo.

Kama ndiyo kwanza unaanza, usichukue wiki hii yote. Ongeza Jumatatu ya kulegeza kwa dakika 20, uifanye wiki 4 bila kukosa, mbio zako ziache kama zilivyo. Kisha ongeza nusu saa ya nguvu kwenye siku yako moja ngumu. Vigimbi vikikaza kwa zaidi ya siku 2, au ukiamka mapigo ya moyo yamepanda kuliko kawaida yako, punguza yoga ya nguvu kwanza, halafu kasi, na zile mbio za taratibu ziwe za mwisho kuguswa.

Wiki ya mashindano natoa yoga ya nguvu kabisa. Sijaribu mkao mpya, sivuti nyonga, sisimami kwenye mti kuthibitisha chochote. Jumanne vipindi vinapungua kutoka 6 hadi 3 kwa kasi ileile. Usiku wa kuamkia mbio nalala chali karibu na ukuta, miguu nimeiegemeza juu, dakika 10. Damu inashuka polepole, nyayo zinapoa, na naisikia pumzi ikitoka hadi mwisho. Kisha nabandika namba kwenye fulana kwa pini 4, na kuzima taa.