Usilipe kodi kabla hujaenda usiku, bila dalali

Dada, shika hela yako kwanza, usitume. Nimesoma swali lako: chumba cha Kijitonyama umekiona Jumapili asubuhi, umeingia uani amani ikakushukia, na kwa kuwa wewe ni mtu wa kunusa hali ya mahali, kesho unalipa miezi sita. Halafu unauliza ufanyeje usirudi nyumbani na huzuni za abiria wa daladala na za ofisini. Hilo la pili tuliache kwanza, chumba ndicho cha haraka.

Mimi pia ni wa kunusa. Msibani najua nani kagombana na nani kabla sijapata pa kukaa. Kipaji hichohicho ndicho kilichonipeleka Tabata kwenye nyumba ya wapangaji wengi: kimya, uani pamefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, hakuna redio, hakuna mtoto anayelia. Dalali ananong'ona kama tuko kanisani, "Bosi wangu, watu wa hapa wastaarabu." Moyo ukatulia, nikatoa miezi sita, na kodi ya mwezi mmoja juu yake ya dalali.

Utulivu gani! Walikuwa wamenuniana. LUKU moja nyumba nzima. Mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi nguo za watu, kijana wa chumba cha mbele anawasha feni hata Julai, na wote wanachanga sawa. Umeme ukikata usiku kila mtu anajifanya kalala, anasubiri nani atashindwa na joto akanunue. Mara nyingi nilishindwa mimi.

Na dalili ilikuwa mbele ya macho yangu. Nilipoomba kuona choo, holda ilikuwa haina balbu. Pale kila mpangaji anakwenda chooni na balbu yake mkononi, anaifunga, akimaliza anaifungua na kuondoka nayo. Bombani kufuli. Kamba ya kuanikia, kila mtu na yake. Dalali akasema balbu imeungua jana. Yule jamaa Mungu anamwona. Na yule mshauri wa mtandaoni niliyekuwa namsikiliza kila asubuhi, "hisia ya kwanza haidanganyi", naye aje achangie umeme.

Hisia ya kwanza yenyewe unaipata kwa nani? Wanasaikolojia wa Marekani, Elaine Hatfield na wenzake, waliandika miaka ya 1990 kuhusu kuambukizana hisia: unaiga uso, sauti na mkao wa mtu uliye naye bila kujijua, na moyo unafuata. Sasa asubuhi ile uani nilikuwa na nani? Dalali. Niliyemnusa ni yeye, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa, anakaribia kula hela.

Nilipohamia nikaambukizwa na wapangaji wenzangu. Nikawa natembea kwa kunyata kwangu mwenyewe, nikisikia mtu anacheka nakereka. Balbu nikanunua. Msinicheke, ilikuwa na wati nyingi kuliko zao zote.

Kwa hiyo nenda saa mbili usiku, siku ya kazi, watu wamesharudi. Bila dalali, narudia, bila dalali. Kaa kwa muuza chipsi wa jirani, kula taratibu, sikiliza. Kisha piga hodi, sema unatafuta chumba. Usiwaangalie wanavyokujibu wewe, waangalie wanavyosemeshana wao. Halafu omba kwenda chooni, uangalie juu. Ukikuta redio mbili zinashindana, watoto wanafukuzana, na mama wa chumba hiki anamwomba chumvi wa chumba kile bila hata kuinuka, hapo lipa hata kama kichwa kinakuuma kwa kelele.

Na dalali akikwambia kuna mteja mwingine anakuja na hela saa kumi, mwambie ampe.