Vuli, nani aliyekwambia?

Wahariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni shairi gani la majira unalolipenda zaidi, na kwa nini?" Swali zuri, lakini limenichoma, maana linachukulia kwamba majira yenyewe yapo palepale yanangoja kusifiwa. Mimi naomba kujibu jambo lililo jirani nalo: je, mshairi wa leo anayeandika kwamba masika yameingia, ametazama nje?

Kila mwaka ukifika Machi kurasa za ushairi hujaa tarbia, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, za namna moja. Vyura wanalia, mkulima kashika jembe, neema imeshuka. Vina vimekaa sawa, mizani ni nane kwa nane kila mshororo, ila mvua yenyewe humo ndani haimo. Kenya, upande wa kaskazini na mashariki, misimu ya mvua ilikosekana mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Katika miaka yote hiyo niliendelea kusoma vyura walewale. Ndiyo maana nilipokaa kuandika barua hii nilikuwa na neno moja tu la kuwaambia washairi: acheni kwanza. Shairi la majira linalosema uongo ni heri lisiwepo.

Wazee wetu hawakuwa na anasa ya kutunga bila kutazama nje. Mtu wa pwani akitaja kaskazi alikuwa anataja upepo ulioleta majahazi kutoka Arabuni na Ghuba, na akitaja kusi alijua ndio wa kuyarudisha. Mwaka ulihesabiwa kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa pwani, siku kumikumi, kila kumi likiitwa mwongo. Mkulima aliulizwa "tuko mwongo wa ngapi?" akajibu papo hapo, na jibu lake ndilo lililoamua mpunga umwagwe lini na chombo kishushwe majini lini. Mshairi akikosea hapo, wasikilizaji wake walikuwa manahodha na wakulima. Wangemkatiza katikati ya ubeti.

Niliwahi kumsikia mmoja wa watu hao kwa masikio yangu, Pemba, vuli ya 1997, ile ya El-Nino. Nilikuwa mtoto. Karafuu zilikuwa zinachumwa, na usiku nyumba nzima hukaa barazani kuchambua. Wasioujua uchambuzi niwaeleze: kichala unakishika kwa mkono mmoja, unakisukuma na kukisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinabaguka, kikonyo kinabaki kitupu. Karafuu zinakwenda kwenye pakacha, makonyo yanawekwa kando, nayo yana bei yake. Viganja huwa vyeusi vikanata, na ukila wali usiku ule unakula na harufu ya karafuu, unawe usinawe. Karabai inavuma juu ya kigingi. Watoto tunasinzia, tunaamshwa kwa kiwiko. Bibi yangu hupima kwa pishi na kumtajia kila mtu hesabu yake kwa sauti, ili pasiwe na ugomvi asubuhi.

Kazi ya mchana ni kuanika. Karafuu zikipata jua kali siku nne au tano zinakauka barabara, ukiivunja moja inakatika kwa mlio. Zikirowa katikati ya safari hiyo zinapauka na kufanya ukungu, na mnunuzi akizitia mkononi tu bei inaanguka. Mwaka ule mvua ilikuja kabla hatujaitarajia, tena ikaja kila siku. Tunatandika majamvi, jua linatoka, tunamwaga, wingu linajikusanya, tunakimbia kuanua. Tunatandika tena. Mama alikuwa analia kimyakimya huku anakunja jamvi, hilo nililiona.

Katika wachambuzi wetu alikuwamo mzee tukimwita Maalim, aliyejua miongo yote kwa kichwa. Usiku mmoja, bila kuacha kusokota vichala, akaanza taratibu, kama mtu anayesemezana na mgeni mlangoni:

Vuli mbona umefika, siku hazijatimia,
Majamvi twayatandika, karafuu twaanua,
Kila tukizianika, wingu latuzungukia,
Ulikokuwa watoka, nani aliyekwambia?

Baraza ikanyamaza. Kisha bibi akasema, "Maalim, rudia." Akarudia. Mjomba akaudaka mshororo wa mwisho, watu wakaanza kuitikia, "nani aliyekwambia," na mikono haikusimama hata kidogo. Mama naye aliitikia. Ilipofika saa sita usiku pakacha la mwisho lilikuwa limekwisha, na nje mvua ilikuwa bado inanyesha.

Nimeandika ubeti huo hapo juu kwa kumbukumbu, na sasa nauona unapinga nilichoanza nacho. Maalim hakusubiri majira yatengemae ndipo atunge. Alitunga kwa sababu yamevurugika. "Siku hazijatimia" ni taarifa kamili: inasema mvua iliwahi, iliwahi kwa hesabu ipi, na iliwakuta watu wakifanya nini. Vipimo vya mvua za 1997 vipo vimehifadhiwa, lakini majamvi ya kijiji chetu hayamo humo.

Na kupita kwa wakati huandikwa vivyo hivyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi, utenzi wake wa kale, hakutuambia tu kwamba dunia inapita. Alitupeleka ndani ya nyumba za mji wa Pate zilizohamwa, akatuonyesha madaka yaliyokuwa ya sahani, sasa makinda ya ndege yamelala humo.

Basi wahariri, jibu langu: endeleeni kuchapisha mashairi ya majira, tena mengi zaidi. Lakini nina masharti. Chini ya kila shairi pawe na mahali na mwaka. Aliyeko Dodoma asitutungie vuli na masika vya kuazima, kwani kule mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na msimu huo una mambo yake ya kusemwa. Wanafunzi wasipewe "masika" kama kichwa cha insha kabla hawajamuuliza mkulima mmoja imenyesha lini. Wale wa vyura nao siwafukuzi, ikiwa kweli wamewasikia.

Shairi ninalolipenda ni la Maalim, ingawa kaka yangu anashikilia kwamba mshororo wa tatu ulianza "Hata tukizianika". Ninalolitaka zaidi bado sijalisoma popote. Kuna watu Kilifi na Tana River waliokaa na mbegu ndani msimu baada ya msimu kuanzia 2020, na naamini wako waliotunga. Waombeni walete.