Farasi wa g5, na maswali mengine ya sataranji

Mechi ya klabu nilikaa meza ya nne, kete nyeusi. Tulianza askari e4, e5 (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni safu mlalo). Farasi f3, farasi c6. Askofu c4, farasi f6. Akaruka na farasi hadi g5, nikasukuma d5, akala, nikala kwa farasi. Nikasambaratika. Nilikosea wapi? (Kijana, Likoni)

Pole mwanangu. Kusukuma d5 ni sawa kabisa. Kosa ni kula kwa farasi. Mweupe hujitosa f7 na farasi wa g5, ukimla kwa mfalme, malkia wake anatoka f3 na kumpiga mfalme na farasi wa d5 kwa mpigo mmoja. Mfalme analazimika kwenda e6 kumlinda farasi, wazi katikati ya ubao, na kete zako nyingi bado zimelala nyumbani. Mtego huu Waitaliano waliujua tangu zama za mchezaji wao Polerio, yapata mwaka 1600, na bado unawaliza watu.

Siku nyingine, akishakula d5, peleka farasi wa c6 hadi a5 umguse askofu. Atampiga mfalme kutoka b5; ziba kwa c6, akila, ule kwa askari wa b. Utakuwa nyuma kwa askari mmoja, lakini askofu wake atalazimika kuhama na farasi wake utamfukuza kwa h6, huku kete zako zikitoka.

Mimi lakini ningekupa njia tulivu zaidi: hatua ya tatu, badala ya farasi f6, toa askofu c5. Njia ya malkia wako kutoka d8 hadi g5 inabaki wazi, kwa hiyo farasi akija pale unamla bure.

Timu yetu iliongoza 2–1, mwanangu ana askari wa ziada meza ya mwisho. Nahodha akamwambia akubali sare. Inaruhusiwa? (Mama, Kisauni)

Inaruhusiwa, Mama. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinampa nahodha haki ya kumshauri mchezaji kuhusu sare au kukubali kushindwa, mradi asiseme lolote juu ya hali ya ubao. Na hapo alifanya sawa: sare ilitosha kuwapa 2.5 kwa 1.5. Najua mtoto ameumia. Mpangie kete zile zile nyumbani, aumalizie mchezo wake.

Nimezoea drafti barazani, kila mtu akisema lake. Nitaweza sataranji ya mashindano? (Makadara)

Utaweza, bwana. Jizoeze ukimya, na usiguse kete kabla hujaamua: ukiigusa, lazima uichezeshe.