Kabla Hujaongeza Mada, Funga Nati kwenye Uzi

Ukiitwa mara ya kwanza kwenye kikao cha kuandika muhtasari wa somo la fizikia kwa shule, utakuta chai, makabrasha mazito na watu wenye hamu ya kuongeza. Huyu anataka roboti, yule nanoteknolojia, wa tatu nishati ya jua, na kila mmoja ana hoja nzuri. Wa kupunguza hutamwona. Nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi na kukaa kwenye vikao vya aina hiyo mara kadhaa, na wewe unayeanza nakuomba jambo moja tu: mada yoyote unayotaka kuiingiza, ifanye kwanza kwa mikono yako, kwa vifaa vya shule ya kawaida, kwa muda uleule unaotaka kumpa mwalimu.

Chukua pendulamu. Kwenye karatasi hakuna jaribio jepesi kuliko hilo: uzi, kitu kizito kama nati, rula, saa. Mwaka mmoja nikaamua kupima linakula muda gani. Kidato cha tatu, wanafunzi 72, vipindi viwili vya dakika 40 mfululizo. Dakika kumi na tano za kwanza ziliishia kwenye kugawana vifaa na kugombania stendi. Kengele ilipolia, makundi yaliyokuwa na vipimo vitatu vya kueleweka hayakufika nusu. Azimio la kazi, yaani mpango wa vipindi, lilidai jaribio, grafu na mjadala, vyote siku ileile.

Lakini kundi moja lilinifunza zaidi ya hapo. Uzi wao ulikuwa wa sentimita 50, kwa hiyo mibembeo 20 ilipaswa kuchukua sekunde 28 na ushei. Wao walipata 27. Wakapiga hesabu, g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, ikatoka 10.8, na huku kwetu jirani na ikweta ni kama 9.78. Nikasimama kuwatazama. Binti aliyekuwa akihesabu alikuwa anaachia nati na papo hapo anasema "moja". Alipofika ishirini, nati ilikuwa imebembea mara kumi na tisa. Nikamwambia aanze na sifuri. Akaniuliza, "Mwalimu, sifuri nayo inahesabiwa?"

Kundi la jirani lilikuwa na 9.8 safi kabisa, daftari halina hata mkwaruzo. Walilijua jibu kutoka kitabuni, wakapika vipimo kulifuata. Mwalimu anayesahihisha kwa kuangalia jibu la mwisho angewapa wapishi alama zote na yule binti angekosa. Kwa hiyo unapojaza safu ya vigezo vya upimaji usiandike tu kwamba mwanafunzi apate thamani ya g. Andika aeleze vipimo vyake vimepotoka wapi na kwa kiasi gani. Sentensi moja ya namna hiyo inabadilisha maabara kuliko sura nzima ya utangulizi.

Nasema hivyo kwa sababu kinachofundishwa ni kile kinachotahiniwa. Mitaala ya sekondari Tanzania imezungumzia ujenzi wa umahiri tangu 2005, na iliyoboreshwa, ambayo utekelezaji wake ulianza 2024, imelitilia mkazo zaidi. Nia ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ila nimepita shule ambako kabati la vifaa hufunguliwa Agosti ya kidato cha nne, mtihani ukiwa Novemba, wanafunzi wakakaririshwa kuchomeka pini kando ya kipande cha kioo kama watu wanaojifunza gwaride. Ukiandika umahiri mbele na upimaji wa kukariri nyuma, mwalimu atafuata cha nyuma. Usimlaumu, naye anapimwa kwa matokeo.

Kuna kasoro ambazo huzioni mpaka uweke mihtasari miwili pamoja mezani. Katika ile tuliyoitumia kabla ya maboresho haya, fizikia ilimtaka mwanafunzi atumie vekta kidato cha tatu, na hisabati ikamfundisha vekta kidato cha nne. Kila mwaka nilikuwa nawaanzishia vekta mwenyewe kwa vipindi visivyokuwa kwenye azimio, kisha mwaka unaofuata mwenzangu wa hisabati anawaanzishia upya kwa alama tofauti, na watoto wanadhani ni vitu viwili. Hakuna aliyekosea peke yake, kila jopo lilifanya kazi yake vizuri katika chumba chake. Tafuta mwalimu wa hisabati, kaeni na penseli, pitieni mada kwa mada: hapa nahitaji uwiano, hapa mteremko wa grafu, hapa sine ya pembe. Siku moja inatosha.

Sasa lugha. Mtoto anatoka shule ya msingi aliyosoma kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na kukutana na fosi, pawa na enaji ndani ya muhula mmoja. Kichwani mwake yote matatu ni "nguvu". Mtoto ana nguvu, umeme una nguvu, uji unatia nguvu. Niliwahi kuuliza darasa: mtu amesimama kituoni na gunia la mahindi kichwani, hasogei, je, anafanya kazi juu ya gunia? Wakacheka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, shika wewe hilo gunia." Yuko sahihi kwa Kiswahili cha kila siku na si sahihi kwa fizikia, ambako bila kusogea hakuna kazi, na huo mwanya haufungwi kwa kumwandikia fomula ubaoni. Tunayo maneno ya kutosha: kani, nishati, kazi, kanieneo. Yatumie kama daraja, na ulitengee daraja hilo vipindi vyake. Usimwachie mwalimu alijenge wakati wa mapumziko.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alitengeneza aiskrimu akaona mchanganyiko wake uliowekwa ukiwa moto umetangulia kuganda. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam. Osborne naye alishangaa, lakini aliporudi alitaka lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa masharti gani. Watu hupenda kumsimanga yule mwalimu wa kwanza. Mimi namwelewa: alikuwa na kanuni za kufundisha, na hakuna mahali palipoandikwa afanye nini swali la mtoto linapopingana na kanuni. Wewe waachie wenzako mahali hapo. Vipindi vitatu kwa muhula visivyo na mada vinatosha, hata kama mkaguzi atauliza ni vya nini.

Kuhusu chuo kikuu nitasema kidogo, maana huko wenyewe wapo. Walimu wapya tunaowapokea wanajua milinganyo kuliko sisi tulivyoijua. Shida ni kwamba majaribio yao mengi walikuta vifaa vimeshapangwa na hatua zimeshachapwa. Ukipata nafasi ya kusema kwenye mapitio ya programu za ualimu, omba kozi moja ambayo mwanafunzi anapewa shilingi elfu kumi, anaenda sokoni, anarudi na jaribio la kidato cha pili alilolifaragua mwenyewe, halafu mwenzake anajaribu kulirudia kwa maandishi yake tu. Maandishi mengi yatashindwa wiki ya kwanza.

Kikao changu cha mwisho nilienda na mfuko wa plastiki: uzi, nati, rula, na simu yenye saa ya sekunde. Mjadala wa kuipunguzia mada ya pendulamu kipindi kimoja ulipopamba moto, nikagawa vifaa, nikawaomba wajumbe wanipatie muda wa mibembeo 20. Tulikuwa wanane mezani. Watano waliachia nati na kusema "moja", profesa wetu akiwa wa kwanza. Kipindi kilibaki.