Usimkwepe huyo bibi

Dada uliyeuliza, umesema una mteja mzee anayekuja saluni hata kichwa kikiwa bado safi, anabaki amekaa ukishamaliza kumsuka, na siku hizi anakupigia simu. Wasusi wenzako wanakwambia mteja ni mteja, usimzoee, na wewe unajiuliza kama ujitenge naye taratibu. Nimesuka miaka mingi na nina rafiki wa namna hiyo mpaka leo. Jibu langu ni hapana, usijitenge. Ila urafiki huo una kazi yake, na kama hutaki kuibeba usiuanze.

Jiulize kwanza: mtu aliyefiwa na mume, watoto wako mbali, nani anamgusa? Daktari anamgusa akiwa na glovu, majirani wanampungia mkono. Wewe unamshika kichwa muda mrefu, kwa upole, bila haraka. Bibi wangu (ndivyo ninavyomwita, naye ananiita mwanangu) hufumba macho nikimkanda utosini, na maneno yake mazito yote huja wakati huo au mara tu baada yake, akitazama kioo. Nadhani kioo kinasaidia: yapo mambo mtu hawezi kuyasema uso kwa uso, lakini huyasema mwenzake akiwa nyuma yake na mikono ikiwa kazini. Siku moja alinisimulia mtoto aliyemzika mchanga, habari ambayo wanawe waliofuata hawakuwahi kuambiwa. Sikuwa na la kumjibu. Nilimpa pole, nikaendelea kuchana polepole, akaendelea kusema. Hayo hayajatoka kinywani mwangu kwenda kwa msusi mwenzangu yeyote, na hapa pia sitayafikisha mbali zaidi ya hapo.

Sasa kazi yenyewe. Kichwa cha mzee si cha kukichukulia kama vingine. Mafuta ya asili yamepungua, ngozi ni nyembamba na kavu, nywele zimelegea. Tumia chanuo lenye meno yaliyoachana, maji ya vuguvugu, draya moto wa chini, na usivute nywele za kwenye paji la uso ili mistari ikae vizuri. Muulize kama anameza dawa za kuzuia damu kuganda, maana kwa mtu kama huyo mkwaruzo mdogo wa chanuo hutoka damu nyingi. Kama anavaa vifaa vya kusikilizia, mwambie kila unachotaka kumwambia kabla hajavivua, kisha viweke mahali pakavu, mbali na beseni.

Na shingo! Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika kuhusu wateja waliopata dalili za kiharusi baada ya kuoshwa nywele shingo ikiwa imekunjwa nyuma kwenye beseni la saluni. Shingo ikikunjwa hivyo, mishipa inayopeleka damu sehemu ya nyuma ya ubongo inaweza kubanwa au kuchanika. Hutokea mara chache sana, lakini Bibi namwosha akiwa ameinama mbele, taulo usoni, na akimaliza namwacha akae kidogo kabla ya kusimama, kwa sababu presha ya wazee hushuka wakinyanyuka ghafla.

Ninachotaka ukishike kuliko vyote ni hiki: wewe unaona sehemu ya mwili wake ambayo yeye mwenyewe haioni. Kidonda kisichopona kisogoni au nyuma ya sikio, doa linalobadilika, nywele zinazotoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya ugonjwa au msiba. Mwambie. Bibi yangu aliwahi kushtuka nilipopitisha chanuo kwenye panja. Akasema siku hizo hata mto ulimuumiza upande huo. Nikamuuliza maswali mawili matatu, akataja kwamba taya lilikuwa likichoka na kuuma akitafuna. Nilikuwa nimeshasikia kuhusu ugonjwa wa kuvimba mishipa ya damu ya kichwani, unaowapata watu waliovuka miaka 50, ambao ukicheleweshwa unaweza kupofusha. Nikampigia binti yake palepale, Bibi akiwa bado na taulo kichwani. Madaktari walimwanzishia vidonge vya stiroidi siku hiyohiyo, hata kabla vipimo havijakamilika. Anaona mpaka leo. Mteja ambaye hukumzoea asingekwambia habari za taya. Angesema tu "chana taratibu", na wewe ungechana taratibu.

Namba ya binti yake nilikuwa nayo kwa sababu nilimwomba Bibi mapema, kwa ruhusa yake. Fanya hivyo wiki hii. Ikifika siku akakulipa mara mbili, au akaja siku isiyo yake akiamini mmeahidiana, mrudishie pesa mbele ya macho yake bila kumwaibisha, kisha umweleze mtu wake wa karibu. Kwenye pesa kuwa mkali: usimshikie kadi ya benki, usiijue namba yake ya siri, usipokee zawadi kubwa ambayo familia haina habari nayo. Mzee mpweke hutoa kirahisi mno, na urafiki wenu hautastahimili shaka ya watoto wake.

Kuhusu wenzako wanaolalamikia kiti: wana haki, kiti ni cha kazi. Mpangie saa ambayo saluni haina watu, na akimaliza mhamishie kiti cha pembeni ambako bado mtasikilizana. Simu nayo ina dawa. Bibi nilimwambia anipigie jioni nikishafunga, akakubali bila kinyongo. Akikupigia katikati ya kazi usikate kimyakimya. Mwambie utampigia baadaye, na umpigie kweli, maana atakuwa amekaa karibu na simu akingoja.

Miguu ikimshinda kuja, mfuate nyumbani. Beba taulo zako na chanuo, na umsuke akiwa kwenye kiti chenye mgongo, kamwe si kwenye kigoda. Ukitaka kujua namna ya kumwosha mtu asiyeweza kuinuka kitandani, uliza, nitakueleza.