Maswali ya Wasomaji: Jinsi ya kumfanya mgeni alale Lubumbashi usiku wa pili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mwenye nyumba ndogo ya wageni, yenye vyumba sita, katika komini ya Kampemba. Wageni wangu karibu wote ni watu wa shughuli za migodi: wanashuka uwanja wa ndege wa Luano jioni, wanalala usiku mmoja, na alfajiri wanashika barabara ya Likasi na Kolwezi. Wazee wa mtaa wetu wanasema kwamba mji huu hautapata watalii mpaka tujengewe kitu kikubwa cha kushangaza, kama vile sanamu ndefu au bustani ya michezo ya maji. Je, tungoje? (Mama wa Kampemba)

JIBU: Usingoje, mama. Mtalii aliye rahisi kupatikana ni yule ambaye amekwisha kufika. Ameshalipa tiketi ya ndege na viza, ameshapata chanjo ya homa ya manjano, na usiku huu analala kitandani kwako. Kinachokosekana ni sababu ya kumfanya asiondoke kesho asubuhi. Sanamu mpya itagharimu mamilioni ya dola na kupigwa picha kwa dakika tano, ilhali usiku wa pili wa mgeni huyo unalipa chumba, chakula, teksi, fundi wa shaba na kijana wa kumtembeza.

Tena mgeni wako anapita kando ya historia kubwa bila kuambiwa neno. Uwanja wa ndege wa Luano anaposhuka ndipo aliposhushwa Patrice Lumumba, akiwa amefungwa kamba pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, tarehe 17 Januari 1961. Walipelekwa katika nyumba ya Brouwez, wakateswa, na usiku uleule wakapigwa risasi porini. Mahali penyewe, Shilatembo, pako upande wa barabara hiyohiyo ya Likasi, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini. Na mwezi Juni 2022, jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, liliporudishwa kutoka Ubelgiji, lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mgeni wako hupita karibu na hapo alfajiri, amesinzia ndani ya gari. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Ndola, Wazambia wametunza mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, mwezi Septemba 1961, akiwa safarini kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, kwa sababu ya vita vya hapa kwetu Katanga. Sehemu hizo mbili ni za hadithi moja, na dereva mwenye adabu na maelezo sahihi angeweza kuisimulia kwa siku mbili. Nasema adabu kwa makusudi, kwa kuwa Shilatembo ni mahali pa msiba, na hapafai kupelekwa watu wenye muziki na chupa za bia.

Kwa mgeni asiyependa mambo ya siasa, anza na shaba, maana ndiyo iliyomleta. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1946, ataiona ile misalaba ya shaba ambayo wazee wetu waliitumia kama fedha na kutolea mahari, karne nyingi kabla ya reli kufika hapa mwaka 1910. Akitoka hapo apelekwe kwa mafundi wanaofua picha kwenye mabati ya shaba na wanaochonga malakiti, lile jiwe la kijani. Aketi, atazame nyundo ikifanya kazi, na bila shaka atanunua. Jioni apewe bukari (ugali wetu), sombe (kisamvu) na samaki, na kinywaji chetu cha munkoyo kama tumbo lake halina woga. (Hoteli zinazompa mgeni viazi vya kukaanga siku tatu mfululizo, eti ndivyo anavyopenda, zinanisikitisha sana.)

Siku yenye faida kubwa zaidi ni Jumapili, kwa sababu ofisi zimefungwa na mgeni amekaa chumbani akitazama simu. Lakini makumbusho yanayofungwa Jumapili hayana msaada kwa mgeni wa Jumapili, wala duka la mafundi lisilo na chenji. Wewe mwenyewe unaweza kuanza wiki hii kwa karatasi moja ukutani katika kila chumba, ikieleza kwa Kifaransa na Kiingereza mahali pa kwenda, saa za kufunguliwa, nauli halali ya teksi, na mahali pa kubadilisha fedha. Ongeza onyo kwamba hapa noti ya dola iliyochanika hata kidogo tu hukataliwa. Wageni wengi huligundua jambo hilo wakiwa wameshakula na mhudumu amesimama mbele yao.

Liko jambo moja lisilo mikononi mwako, nalo ni kamera. Mgeni akisimamishwa na mtu mwenye sare kwa kupiga picha mtaani, akabishana naye nusu saa na kutoa fedha ili aachiwe, hata karatasi yako haitamrudisha. Wenye hoteli wakiungana, wanaweza kumwomba meya atangaze kwa maandishi ni wapi picha zimekatazwa, ili sehemu nyingine zote ziwe huru na tangazo hilo libandikwe mapokezi.

SWALI: Mimi ni kijana wa Katuba, nasema Kiswahili, Kifaransa na Kibemba. Nataka kuwa kiongozi wa watalii, lakini Wazungu hawaji. Nifanye nini? (Kijana wa Katuba)

JIBU: Nani amekuambia kwamba mtalii ni Mzungu? Kibemba chako ni mtaji. Ndola, Kitwe na Chingola ni miji ya Zambia, wanakosema Kibemba, iliyo karibu nasi kuliko Kinshasa, na Kasumbalesa, mji wa mpakani, iko kiasi cha kilomita 90 tu kutoka hapa. Mzambia apendaye mpira analijua jina la TP Mazembe, bingwa wa Afrika mara tano, klabu ya kwanza ya bara hili kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, mwaka 2010. Mlete komini ya Kamalondo siku ya mechi, umwoneshe uwanja na mitaa yake, kisha umpeleke kula. Jifunze Kiingereza, andika bei yako kabla ya safari kuanza, na usiibadilishe njiani. Ukipata bahati ya mwaka wenye Bienale ya Lubumbashi, maonesho ya sanaa ya kila miaka miwili ambayo wasanii wetu waliianzisha mwaka 2008, uwe na orodha ya maonesho yake mfukoni, kwa maana wageni wa sanaa hukaa siku nyingi kuliko wa mpira.

Jihadhari na maporomoko ya Lofoi. Yanaanguka zaidi ya mita 300 katika Hifadhi ya Kundelungu, ni fahari yetu, na kila kijana anataka kuyauza. Wakati wa masika, maporomoko yanapokuwa na maji mengi, barabara ni matope. Kiangazi barabara inapokauka, maji nayo hupungua. Wakati mzuri ni mwezi wa tano au wa sita, kwa gari lenye nguvu, mafuta ya ziada na siku za kutosha. Anayekuomba kwenda na kurudi kwa siku moja, mkatalie.

SWALI: Kwa nini tutafute wageni wakati takataka zimetujaa na mtaa ni giza? (Papa wa Ruashi)

JIBU: Papa, una haki ya kukasirika, lakini usitenganishe mambo hayo mawili. Hoteli hutozwa kodi nyingi. Madiwani waulizwe hadharani ni kiasi gani cha kodi hiyo kinarudi kwenye taa na usafi. Waanze na njia moja wanayopita watu wote, kutoka uwanja wa Posta mpaka kanisa kuu, iwe na taa zinazowaka mwaka mzima. Njia hiyo ikishika, waulizwe kuhusu Ruashi.