Maswali ya Wasomaji: Friday Akishika Kalamu

SWALI: Ndugu Mhariri, naisimulia upya hadithi ya Robinson Crusoe, Mwingereza aliyekwama peke yake kisiwani, msimulizi akiwa Friday, kijana aliyemwokoa na kumfanya mtumishi wake. Matusi yote ya kale nimeyafuta, Robinson nimemfanya katili, Friday hana doa. Rafiki aliyesoma anasema inasomeka kama hotuba. Nimekosea wapi?

JIBU: Umefuta matusi ukaiacha dharau. Katika kitabu cha asili cha Mwingereza Daniel Defoe (1719), dharau imo hasa katika maswali ambayo Robinson hayaulizi. Anamwokoa kijana wa miaka 26 hivi, jina lake halimshughulishi. Anambandika jina la siku ya juma, kisha anamfundisha kumwita "Bwana". Kisome tena ukiwa na karatasi yenye safu tatu: kilichotokea, anayekieleza, na aliyekuwapo asiulizwe. Riwaya yako imo katika safu ya tatu.

Chukua mtumbwi. Robinson akiwa peke yake alichonga mmoja mkubwa mno, akashindwa kuufikisha majini. Alipompata Friday, Friday ndiye aliyechagua mti, na Robinson mwenyewe anakiri kuwa mwenzake aliijua miti kumzidi. Defoe anapapita haraka. Wewe kaa hapo kurasa kumi: gome, uzito wa mti, nani alimfundisha kuujua. Tanga mwachie Robinson, maana kweli alilitengeneza yeye. Akiwa mjinga wa kila kitu, msomaji hatakuamini hata unaposema kweli.

Angalia pia kalenda. Robinson anakaa kisiwani miaka 28, na Friday anafika robo karne imeshapita. Hawezi kusimulia merikebu ilivyovunjika. Hayo yatoke kinywani mwa Robinson, kidogo kidogo, akijisifu: kwamba safari ile ilikuwa ya kwenda kununua watumwa, na kwamba Xury, mvulana aliyetoroka naye utumwani, alimuuza kwa vipande 60 vya fedha. Friday asikilize tu, asihutubie. Neno kama "ukoloni" lisimtoke kabisa.

Pagumu zaidi ni lugha. Usimsimulishe Friday kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika: akiwaza, anawaza kwa lugha yake, basi masimulizi yawe na Kiswahili chako bora kabisa. Kigugumizi kije anapozungumza na Robinson tu, na Robinson naye achechemee akijaribu lugha ya Friday. Mwandishi Mmarekani Percival Everett, katika "James" (2024), aliisimulia upya riwaya ya Mark Twain, "Huckleberry Finn", akaigeuza lafudhi ya watumwa wake kuwa vazi wanalovaa mbele ya wazungu na kulivua wakiwa wenyewe. Jifunze hapo, ila mbinu hiyo usiinakili. Itajulikana mara moja.

SWALI: Je, niombe ruhusa?

JIBU: Kwa maandishi ya Defoe, aliyefariki 1731, hapana. Tafsiri unayoisoma inaweza kuwa na haki zake, kwa hiyo usinakili sentensi zake. Vivyo hivyo na masimulizi mapya: Friday aliyekatwa ulimi ni wa J. M. Coetzee, katika riwaya yake "Foe" (1986), si wa Defoe. Huyo mwache.